Kitreni Kilichokunywa Mafuta

Jirani wa mlango wa pili, yule ambaye mtaa mzima unamwita Mama Redio kwa sababu habari hazimlali kifuani, alikuwa na maelezo yake kuhusu kilichotokea. Alisema alikuwa ameketi kwake akichambua mchele, hana hili wala lile, mara akasikia mngurumo kutoka chumba cha mzee dereva. Mngurumo wenyewe, akasema, ulikuwa mkubwa mpaka sahani zake zikagongana kabatini. Akachungulia dirishani. Akamwona mzee ameruka kutoka kitandani, kasimama wima kwa miguu yote miwili, anakibamiza ukutani kile kitreni chake. Kisha mzee akalia kama mtoto mdogo, na yule mjukuu wake, Chiriku, akaja kuokota vipande huku anacheka.

Hayo aliyasema bombani, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri ndoo zao zijae, na Chiriku mwenyewe alikuwa nyuma yao ameshika ndoo yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na shangazi yake, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini siku hiyo hakumjibu Mama Redio hata neno. Babu yake hakuwa amesimama kwa miguu miwili tangu kiharusi kimpige. Kama Mama Redio angekuwa amesema kweli kwenye hilo moja tu, Chiriku angemsamehe uongo wote uliobaki.

Kweli yenyewe haikuwa na kishindo chochote. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani mbili, moja ya mama na moja ya shangazi, meza ya kukatia, na sare za shule zilizoning'inia ukutani zikisubiri vifungo. Nyuzi zilikuwa kila mahali. Ukinywa chai bila kuangalia, unakunywa na uzi. Chumba cha nyuma kilikuwa cha babu.

Babu aliendesha treni tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Siku ya kumuaga, wenzake wa kazini walimpa kichwa cha treni kidogo, urefu wake kama kiatu, chenye mota yake ya umeme, pamoja na reli za kuunganisha. Mama alizipigilia reli zile juu ya ubao zikawa duara moja, na ubao ukawekwa kando ya kitanda. Kulikuwa na kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha. Ukikizungusha kidogo, kitreni kinajikokota. Ukizidisha, kinashika kasi.

Kila siku Chiriku akitoka shule na kuvua sare, aliingia chumba cha nyuma, akamwinua babu na kumwekea mito mgongoni. Babu akikaa sawa, mkono wake mzima ulishika kitufe, na kitreni kikazunguka mpaka mwanga upungue dirishani. Muuguzi aliyekuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwaona wagonjwa alikipenda kitreni kile kuliko dawa alizozibeba mkobani.

"Mwacheni acheze," aliwaambia. "Akikaa, kifua kinafanya kazi. Mgonjwa wa namna hii akilala chali kutwa nzima, makohozi yanajaa mapafuni. Na yakishajaa, mimi nitakuwa sina la kuwaambia."

Kwa hiyo watu waliokuwa wakipita dirishani walimwona mzee aliyerudia utoto. Chiriku alimwona mzee anayepumua.

Kisha kitreni kikaanza kulia. Mwanzoni ulikuwa mkwaruzo mdogo, kama mtu anayesugua sufuria chumba cha mbali. Baadaye mkwaruzo ukawa mngurumo, na ndani ya mngurumo kukawa na mlio mwingine mkavu, tak, ukirudi kila baada ya muda uleule. Babu alikunja uso, akapunguza kasi. Kesho yake alikisikiliza kwa mzunguko mmoja, akazima. Chiriku akawasha. Babu akazima.

"Lakini kinatembea, babu. Si unakiona kinatembea?"

Babu alikuwa amebakiwa na maneno machache mdomoni. Alilitafuta moja, akalipata. "Hapana."

Mama ndiye aliyeelewa. Alisimama mlangoni, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akamtazama baba yake. "Huyu ni dereva," alimwambia Chiriku. "Dereva akisikia injini inalia hivyo anasimamisha, hata abiria wamtukane. Hatakisogeza mpaka kipone."

Na kama hakisogezi, hakuwa na sababu ya kukaa. Walimwinua, akateleza. Walimwegemeza kwa mito, akaiegemea kama gunia, halafu akageukia ukuta. Hicho ndicho kilichotokea. Hakuna aliyeruka, na hakuna aliyecheka.

Sasa, katika nyumba ya washona nguo, kitu kikilia dawa yake inajulikana. Cherehani ikilia, tone la mafuta. Bawaba ya mlango ikilia, tone. Hata mkoba wa shule wa Chiriku ulipokuwa na zipu ngumu, ulipewa tone. Kichupa cha mafuta ya cherehani, chenye mdomo mrefu kama wa ndege, kilikaa dirishani siku zote. Chiriku alikichukua watu wakiwa hawapo, akakigeuza kitreni miguu juu, akatia tone kwenye kila tundu aliloliona. Kilipotembea, kilinyamaza kidogo. Moyo wake ukaruka. Kesho yake kikalia zaidi.

Akatia tena. Hakuwaambia mama na shangazi, maana alitaka wakute kimepona tu. Kilichomshangaza ni kwamba kila alipokigeuza alikikuta kimelowa kuliko alivyokiacha. Kikaanza kuteleza relini na kutoa harufu ya kuungua. Mwisho kikawa kinanguruma papo hapo bila kusonga, kama mtu anayekoroma, na babu hakugeuza hata shingo kukiangalia.

Siku fundi cherehani alipokuja kukagua mashine za mama, Chiriku alimsubiri amalize, akasogea.

"Fundi, shikamoo."

"Marahaba. Leo mbona hujanisimulia habari za walimu wako wote? Unaumwa?"

"Siumwi. Naomba uniangalizie kitu."

"Kama kina sindano, kilete. Kama hakina, mimi sikijui."

"Hakina sindano. Ni treni."

Shangazi alicheka bila kuinua macho kwenye mshono wake. "Mwangalizie, fundi. Akitoka hapo atakuletea ndege."

Fundi alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Alikipokea kitreni, akakigeuza, akaona vidole vyake vinang'aa. Akavinusa, lakini siku hiyo alikuwa ametoka kupaka mafuta mashine mbili, kwa hiyo mikono yake yote ilinuka vilevile.

"Nani amekitia mafuta hiki?"

Mama alikuwa akipitisha uzi kwenye tundu la sindano. Shangazi alikuwa akitafuta mkasi ambao ulikuwa mapajani mwake. Chiriku alikumbuka foleni ya bombani. Tayari habari ya Mama Redio ilikuwa imegeuka huko, na watu walikuwa wanasema yeye ndiye aliyekivunja. Akisema kweli, si atakuwa amewapa haki?

"Hakuna," alisema.

"Hakuna mtu kabisa?"

"Hakuna."

Fundi aliwatazama wale wakubwa wawili. Nao hawakusema kitu. "Basi yametoka ndani," alisema polepole. "Kama hakuna aliyetia, ni mota inayovuja. Grisi yake imeyeyuka kwa joto. Itabidi niichukue nikaifungue kwa utulivu, maana ni ndogo sana. Msinihesabie siku. Nina kazi za watu."

Akaondoka na mota ndani ya kitambaa. Mwili wa kitreni ulibaki juu ya ubao, mtupu.

Siku zile ambazo fundi hakuonekana, kifua cha babu kilianza kutoa sauti. Chiriku aliisikia kwanza alipompelekea maji: sauti ya mtu anayevuta kinywaji kilichoisha kwa mrija. Muuguzi alikuja, akaweka kipimo chake mgongoni kwa babu, upande huu na upande ule, kisha akarudia tena.

"Amekaa lini mara ya mwisho?"

"Hajakaa tangu kitreni kiharibike," mama alisema.

"Mgeuzeni kila mara. Mpigeni mgongo kwa kiganja kilichokunjwa, hivi. Dawa hizi mpeni zote." Alifunga mkoba wake. "Na kama kuna chochote cha kumfanya akae, kileteni leo."

Hapakuwa na cha kuleta. Walimwashia redio, akageuka. Mama alimwekea picha za kazini mbele yake, akafumba macho. Chiriku alimsimulia habari za shule nzima, kuanzia mwalimu mkuu mpaka mbuzi aliyeingia darasani, na babu alilala tu, pumzi yake ikikwaruza.

Fundi aliporudi hakuketi. Aliiweka mota mezani, juu ya sare ambayo shangazi alikuwa anaishona.

"Nimeifungua yote. Nimeipuliza, nimeisafisha, nimeiunga kwenye betri. Inazunguka kama haipo. Haijawahi kuvuja hata siku moja." Akatoa karatasi mfukoni. "Na yale mafuta niliyafuta kwenye karatasi, nikayanusa mikono yangu ikiwa safi. Ni ya cherehani. Nimeyashika mafuta hayo tangu sijaota ndevu. Sasa nauliza tena, na sigombi na mtu."

Cherehani ya mama ilinyamaza. Chiriku aliangalia sakafu, iliyojaa vipande vya nyuzi za bluu.

"Ni mimi," alisema. "Nilitia. Kila siku nilitia kidogo."

"Hapana, mtoto," shangazi alisema ghafla. "Si wewe peke yako. Mimi nilikuwa natia asubuhi, kabla hujaamka. Nikasema hawa wengine hawajui kutia."

Wote wawili wakamgeukia mama. Mama alishusha pumzi. "Na mimi nilikuwa natia wakati baba amelala."

Fundi alivua miwani. "Watu watatu. Mlikuwa mnatengeneza treni au mnakaanga?"

Shangazi alijaribu kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Kutoka chumba cha nyuma ile sauti ya mrija ilisikika, ikakatika, ikaanza tena.

"Mngeniambia siku ile," fundi alisema, "nisingeigusa mota. Ningeanza na kinacholia." Kisha akavuta kigoda. "Haya, treni siijui, ila mlio ni mlio. Chiriku, kaa hapa. Kazi yako ni moja tu: usiseme. Sikiliza."

Aliirudisha mota mahali pake, lakini hakuiunga na magurudumu. Akaipa umeme. Mota ilivuma taratibu, laini. Kwa hiyo mota haina kosa. Akaunga magurudumu ya mbele peke yake, akakishika kitreni hewani. Kikavuma vilevile, na mkwaruzo kidogo. Akayafungua, akaunga ya nyuma. Papo hapo mngurumo ukatoka, na ndani yake, tak, tak, tak.

"Kiko hewani," Chiriku alinong'ona, "kwa hiyo si reli."

"Nimesema usiseme." Lakini fundi alitabasamu. "Ndiyo, si reli. Endelea."

Walifungua kifuniko cha chini. Ndani hapakuwa kama ndani ya mashine. Palikuwa na uji mweusi wa mafuta, na kwenye uji ule nyuzi: za bluu, nyeupe, za kijani, zimejiviringa kwenye vyuma vinavyounganisha magurudumu kama nyoka. Kila tone walilotia lilikuwa limenasa vumbi la nguo na kulishikilia humo. Chiriku alizitoa kwa sindano, uzi baada ya uzi, huku mgongo ukimuuma. Fundi alipowasha tena, mngurumo wote ulikuwa umekwisha. Ule mlio mkavu ulibaki.

"Hesabu," fundi alisema. "Gurudumu likizunguka mara moja, linalia mara ngapi?"

Chiriku alitia alama ya chaki kwenye gurudumu, akasikiliza mpaka machozi yakamtoka. "Mara moja. Kila alama ikipita juu."

"Basi ugonjwa unazunguka pamoja na gurudumu. Uko kwenye chuma chake."

Juu ya chuma kile kulikuwa na gia ndogo ya plastiki nyeupe. Chiriku aliizungusha taratibu akipitisha ukucha kwenye meno yake, na ukucha ukanasa. Palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele. Meno mawili ya pale yalikuwa yameachana, na kila yalipofika juu, gia nyingine iliruka badala ya kukamata.

"Kumbe," mama alisema. "Na mafuta yangesaidia nini hapo?"

"Hata mngetia pipa zima, ufa ungebaki ufa."

Fundi alitia gundi, akaibana gia kwa koleo ndogo, wakasubiri. Alipoiachia, gundi ilibanduka kama ngozi ya kidonda. Akajaribu tena. Ikabanduka tena. Aliiweka gia kiganjani, akaitazama muda mrefu.

"Plastiki imekunywa mafuta. Gundi haipati pa kushika." Akamrudishia Chiriku. "Gia nyingine ya namna hii sijui inapatikana wapi. Nitauliza, lakini siahidi kitu. Na mzee wako, nimemsikia anavyopumua."

Akafunga mkoba wake wa vifaa, akaaga kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoka kwenye nyumba ya matanga.

Chiriku hakuwa na tumaini, ila alikuwa na sabuni. Aliiosha gia kwa maji moto na sabuni ya kufulia, akaisugua kwa mswaki wa zamani, akaianika juani kwenye kipande cha kitambaa. Akatia gundi. Ikabanduka. Akaiosha tena. Asubuhi kabla ya shule aliiosha, na jioni aliiosha, na katikati ya kuosha alimgeuza babu na kumpiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa. Babu alikuwa mwepesi sasa. Kumgeuza hakukuhitaji watu wawili.

"Mama, sasa inashika kidogo," alisema siku moja. "Lakini ikizunguka itaachia tena."

Mama aliichukua gia, akaisogeza kwenye mwanga. Kando ya meno kulikuwa na shingo nyembamba iliyozunguka chuma. "Kifungo cha koti ukikishona, unafanyaje ili kisilegee?"

"Unazungusha uzi shingoni mwake. Unaukaza."

"Basi."

Mama aliibana gia ufa ufungike. Chiriku akachagua uzi mwembamba kuliko wote, akauzungusha shingoni mwa gia, safu juu ya safu, akiuvuta mpaka ukamkata kidole. Juu yake wakatia gundi tone moja, na uzi ukainywa. Wakaiacha usiku kucha. Kesho yake hakuna aliyethubutu kuigusa kwanza. Shangazi akasema, "Ishike wewe, Chiriku, sisi mikono yetu tayari ina kesi." Akaishika. Ilikuwa ngumu kama jiwe.

Waliunga kila kitu katika chumba cha mbele. Mama alichovya ncha ya sindano kwenye mafuta, akagusisha kwenye chuma cha gurudumu, akasema kwa sauti ili wote wasikie: "Nimetia. Ni mimi. Basi, mtu mwingine asitie." Kitreni kikapewa umeme kikiwa mkononi mwa Chiriku. Hakikulia. Alikiweka sikioni kabisa, akasikia kuvuma tu.

Alitaka kupiga kelele za furaha, lakini mama alikuwa ameketi kwenye kigoda cha cherehani, hatabasamu.

"Sikilizeni niwaambie," mama alisema, "na mimi najiambia. Sote watatu tulikipenda kitreni hiki, na sote tulikitia mafuta kwa siri. Hilo tungeweza kulirekebisha. Lakini fundi alituuliza, tukanyamaza, na tukamwacha mtoto adanganye mbele yetu sisi wakubwa. Fundi akaenda kutafuta ugonjwa mahali ambapo haupo. Anayekutengenezea kitu, au anayekutibu, anafuata unachomwambia. Ukimficha ulichofanya, unampoteza, na siku zinazopotea hakuna anayezirudisha. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Kosa la leo linatengenezeka kwa gundi. Likikaa, ni hivi mlivyoona."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Shangazi alikuwa akijipangusa macho kwa kipande cha kitambaa cha sare.

Alikibeba kitreni kwa mikono miwili mpaka chumba cha nyuma. Babu alikuwa amelala upande, uso ukutani, mabega yakipanda na kushuka kwa shida. Muuguzi alikuwa amepita asubuhi ile. Hakuacha dawa mpya, alimshika mama mkono tu.

Chiriku alifuta reli kwa kitambaa kikavu. Akakiweka kitreni juu yake, gurudumu moja baada ya jingine, akazungusha kitufe kidogo sana. Kitreni kikaondoka. Kilipita kwenye mkunjo, kikapita karibu na mto, kikarudi, na chumbani hapakuwa na mlio mwingine zaidi ya ile pumzi.

"Babu, kimepona," alisema. "Kilikuwa na ufa. Tumeufunga."

Aliketi ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja chake chini ya bega la babu, mahali pale pa kumwinulia.

"Geuka ukae kidogo, babu. Njoo ukiendeshe wewe."

Babu hakugeuka, pumzi yake ikaendelea kukwaruza. Kitreni kilizunguka tena, na tena, na Chiriku hakuondoa mkono wake.